Usifunge Butiki, Papa Apollinaire

Kule Kalembe mtu hatembei bure. Sikiliza hili vizuri, maana bila hili huwezi kuelewa lolote. Mtu anatembea kwa sababu ya jembe, ya bidoni ya maji, ya misa, ya matanga, ya soko. Ukikutana naye unamuuliza, "Unaenda wapi?", naye anajibu, na jibu lenyewe unaliona kichwani ama mgongoni pake. Mtu mzima anayepita mbiombio asubuhi, mikono mitupu, hana jibu, huyo ana jambo. Ameiba ama anakimbia.

Papa Apollinaire alilijua hilo kama kila mtu. Alikuwa Mnande wa Butembo, mwenye duka, butiki kama wanavyoliita kule, kubwa kuliko yote pale Kalembe: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, betri, mabati, vitenge. Alifika akiwa kijana, na kwa miaka yote hiyo miguu yake ilizoea njia mbili tu, ya kutoka kitandani hadi kwenye meza ya kuuzia, na ya kutoka kwenye meza hadi kanisani. Tumbo lilikuwa linamtangulia. Na tumbo la mfanyabiashara si mnalijua, ndilo bango lake. Nani anunue mafuta kwa mtu mkondefu?

Kisha mke wake Wivine akafa. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi cha mbao, pembeni ya magunia, anachambua mchele. Akasema kichwa kinamuuma. Kabla maji hayajaletwa mdomo ukaenda upande, na jua lilipozama hakuwepo tena. Mshipa wa kichwa umepasuka, walisema kwenye kituo cha afya, sababu ya tansyo, damu iliyopanda miaka na miaka bila mtu kuipima.

Midomo mingine ilisema mengine. Kifo cha ghafla ndani ya duka lililojaa mali, watu hawakosi la kusema: amemuuza mke wake apate utajiri. Hakuna aliyemwambia usoni. Lakini maneno ya namna hiyo hayahitaji kuambiwa. Unayasikia kwa jinsi mtu anavyopokea sabuni yake bila kugusa mkono wako.

Basi akajifunga. Asubuhi alifungua, jioni alifunga kwa kufuli tatu, akala ugali peke yake na akalala. Watoto walikuwa Butembo, na wafanyabiashara wengine wa kwao walikwisha kuhama mmoja mmoja kila vita viliposogea. Kinande, lugha ya nyumbani kwake, hakuwa na wa kukizungumza naye. Zilipita siku nzima hajasema neno ambalo si bei.

Mwaka haujaisha, naye akaanza kuona nyota mchana. Aliinama kuchota chumvi, akainuka, duka likazunguka. Akafunga kufuli zake tatu na kwenda kwa muganga Verdiane, mwuguzi wa kituo cha afya, mwanamke wa maneno machache na makali. Verdiane alimfunga kitambaa mkononi, akakipampu, akasikiliza, akakipampu tena. Halafu akamtoboa kidole, akatazama damu yake kwenye kimashine.

"Kumi na nane kwa kumi na moja," alisema. "Damu imepanda sana, na sukari iko juu. Papa, hii njo yenye ilibeba Mama Wivine."

"Nipe vidonge."

"Nitakupa, na utakula kila siku. Lakini kama uko unakaa kutoka asubui mpaka mangaribi, vidonge vitachoka mbele yako. Unapaswa kutembea. Kila siku, haraka, mpaka jasho itoke."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Fasi yote, popote. Kwenda na kurudi."

Papa Apollinaire alimtazama kama mtu aliyeambiwa avae sketi. Verdiane akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mushipa wa damu si chuma, Papa. Ndani iko na kangozi kembamba. Ukitembea na nguvu, damu inapita mbio, inapapasa ile ngozi, na ile ngozi inatoa dawa yake yenyewe ya kufungua mushipa. Hiyo dawa hakuna butiki inaiuza. Ukikaa, haitoke. Mushipa unakuwa mugumu, mafuta inashika ndani, siku moja unapasuka. Na sukari, nyama ya miguu njo inaikula. Miguu yenye inalala haikule kitu. Ni kama njia ya shamba. Yenye haipitwe, inaota majani."

"Nitajua namna gani kama inatosha?"

"Utembee mpaka unaweza kusema, lakini hauwezi kuimba. Ukiweza kuimba, uko unatembea pole tu. Ukishindwa kusema, umepita mupaka."

Haya, sasa niambieni: mtu asiye na wa kusema naye, ajipime na nani?

Alificha vidonge ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya katoni za sabuni, maana mfanyabiashara mgonjwa ni mfanyabiashara aliyekwisha. Akavaa raba zilizokaa dukani bila mnunuzi. Kesho yake jua lilipochomoza alifunga kufuli zake, akashika njia ya mlima, ile inayopita kando ya shamba la maharagi la Mama Céline na kushuka upande wa pili, upande wa Walikale, mpaka kijito.

"Unaenda wapi, Papa?" aliuliza Mama Céline, mjane Mhunde, mwenyeji wa pale, jembe mkononi.

"Naenda kutafuta rezo," alijibu, akainua simu yake.

Uongo mzuri sana huo. Kila mtu alijua kwamba mtandao wa simu unashika juu mlimani tu. Mama Céline akatikisa kichwa na kurudia magugu yake.

Alipofika palipo na mwinuko mkali, pasipo na mashamba, akajaribu kusema kama alivyoagizwa. Alisema nini? Alisema, kwa Kinande, kwamba chumvi ilifika na mifuko miwili ilikuwa imelowa. Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Kisha akagundua anamwambia nani. Akaendelea. Alimwambia Wivine habari za mabati, za padri mpya mwenye haraka katika mahubiri, za panya. Alisema huku anahema, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi, na alipofika kileleni alilia kidogo, kwa sababu kutoka pale duka lilionekana dogo, mlango wake wa buluu umefungwa, na hakuna mtu ndani.

Akawa anakwenda kila siku. Pumzi ilianza kukaa mahali pake. Mkanda ulirudi tundu moja, kisha jingine. Verdiane alipima, akasema damu inashuka, akasema sasa unaweza hata kukimbia kidogo kwenye mteremko, polepole, bila kujiua. Papa Apollinaire alifurahi. Alirudi nyumbani na furaha yake akakuta hana wa kumpa, akaenda kuuza betri.

Alichosahau ni kwamba Kalembe nzima ilikuwa inamtazama. Fikirieni wenyewe. Watu hawa wamekimbia vita mara ngapi? Mtoto wa pale anajua kufunga godoro kabla ya kujua kuandika jina lake. Na kila anayekaa kule anajua kwamba wafanyabiashara wana ndugu Goma, wana ndugu Butembo, habari mbaya inawafikia kabla ya redio. Sasa tajiri wa kijiji anapanda mlimani kila asubuhi kutafuta rezo. Kwa nini? Anaongea peke yake huko kwa lugha ya kwao. Na nani? Akishuka, walimsoma uso kama unavyosoma mawingu.

Ndipo asubuhi moja alipofika kileleni, simu mkononi, akakumbuka ruhusa ya Verdiane. Akaanza kukimbia. Polepole, bila kujiua, kwenye mteremko wa upande wa Walikale.

Mama Céline alimwona. Alitazama chini kijijini: kufuli tatu. Alitazama mlimani: mgongo wa Papa Apollinaire unapotelea. Akaangusha jembe, akashuka kijijini anapiga yowe.

Papa Apollinaire hakusikia chochote mpaka alipokaribia kijito. Nyuma yake kulikuwa na kishindo. Akageuka, akaona Kalembe nzima inamjia, wanawake na magodoro kichwani, wanaume na mbuzi mabegani, padri na kanzu imekunjwa kiunoni. Sasa wewe ukiona watu wote wanakimbia, unafikiri nini? Alifikiri kile ambacho kila mtu wa kule angefikiri. Akaongeza mbio.

Nao, kumwona ameongeza, wakaongeza.

Walisimama ng'ambo ya kijito, kwa kuwa hakuna aliyebaki na pumzi. Shefu Samy, chifu wa pale, alikuwa ameshika magoti yake.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Nani?" akauliza Papa Apollinaire.

"Wale benye tunakimbia."

"Miye niliona ninyi munakimbia."

Msidhani walicheka. Kicheko kilikuja miezi baadaye. Siku ile walihesabu hasara. Bibi Béata alikuwa ameteguka mguu. Mbuzi waliobaki kijijini walikuwa wamekula mbegu ya maharagi ambayo Mama Céline aliianika uani, mbegu ya msimu mzima. Walipanda mlima kurudi, kila mtu na godoro lake, naye akatembea wa mwisho, mikono mitupu.

Jioni wakamwita kwa Shefu Samy.

"Ulikuwa unakimbia nini, Papa Apollinaire?"

Alikuwa na jibu mdomoni. Angesema tu: mimi ni mgonjwa, ugonjwa ule uliomuua mke wangu, sikumuuza. Lakini aliogopa kwamba neno la mwisho likianza kutoka hatalimaliza. "Nilikuwa nanyoosha miguu," alisema.

Watu wakaangaliana. Shefu Samy alikuna ndevu.

"Hatukukataze kutembea. Miguu ni yako. Tunakukataza kufunga. Hapa kwetu butiki yenye kufungwa asubui iko na maana moja tu, na ninyi wafanyabiashara njo mulitufundisha. Ukitaka kutembea, acha mulango wazi. Tukiona mulango wazi, tutajua amani iko."

Duka wazi! Mali ya maisha yake yote, imekaa peke yake, mlango wazi, katikati ya watu waliomsengenya. Afadhali wangemwambia akate mguu. Aliwaomba radhi, akampelekea Mama Céline mbegu na Bibi Béata sukari na dawa ya kuchua, na kuanzia kesho yake hakutembea tena. Alikaa. Kitendo cha kukaa hakimtishi mtu.

Nyota zilirudi zenyewe. Alipokwenda kupimwa Verdiane hakusema namba. Alikunja kitambaa chake, akakiweka mezani.

"Mama Wivine tulimuzika pamoja," alisema. "Wewe tutakuzika na nani? Nani atashika ile butiki unaichunga hivyo?"

Swali hilo alirudi nalo nyumbani. Alilitazama duka, rafu hadi rafu, na kiti kifupi cha mbao pembeni ya magunia, ambacho hakuwa amekisogeza tangu siku ile. Kesho yake asubuhi alifungua mlango wa buluu, akatundika kufuli zote tatu na funguo zake kwenye msumari, kila anayepita azione. Akatoka. Katika kila kona aligeuka kutazama. Siku hiyo hata kusema na Wivine hakuweza, na haikuwa sababu ya mwendo.

Aliporudi, Mama Céline alikuwa ameketi kwenye kile kiti, anamenya maharagi mabichi kwenye kitambaa chake. Hakuna kilichopungua. Hata pipi.

"Mvua ilikuwa inataka kuja," alisema Mama Céline, ingawa mbingu ilikuwa safi kabisa. Akakusanya maganda yake na kuondoka.

Ikawa hivyo kila siku. Yeye akirudi, mama yule anainuka. "Aksanti, Mama." "Hakuna neno, Papa." Basi. Hakuwa na shaka kwamba Shefu amemtuma amchunge yeye, mtu asiyeaminika, na hakumlaumu. Damu ilishuka mpaka kumi na tatu kwa nane, na sukari ikarudi mahali pake. Verdiane alimpiga bega. Mishipa ilikuwa imefunguka, ndiyo, damu inapita. Lakini nyumbani sufuria bado ilikuwa ya mtu mmoja, na habari zake zote, njema na mbaya, aliendelea kuzipeleka mlimani.

Kisha ikaja ile siku. Alikuwa chini kwenye kijito aliposikia ngurumo, akadhani ni mvua ya mbali. Maji yalikuwa mengi, yanapiga kelele. Alinawa uso, akapanda kurudi, anamweleza Wivine kwamba Aimée binti yao anatarajia mtoto. Akafika kileleni akatazama chini, kama kawaida yake, kuona mlango.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Hakuelewa mara moja. Alikuwa ameuacha wazi, funguo kwenye msumari. Akatazama nyumba nyingine. Jiko moja lilikuwa linatoa moshi, na hapakuwa na mtu uani. Sauti zile zikaja tena, kutoka upande wa pili wa kijiji, na safari hii hakudhani ni mvua. Mbali, kwenye barabara inayoelekea Pinga, watu walikuwa msururu, na magodoro yao.

Hakushuka. Alikata juu kwa juu, kwenye ukingo wa milima, njia ya wachungaji wa ng'ombe. Mwaka mmoja nyuma angekufa kwenye kona ya kwanza. Sasa miguu ilikwenda, ikapanda, ikashuka, moyo unapiga kwa nguvu lakini unapiga sawa, na katika mwendo wote huo alikuwa na wazo moja tu lililomuuma kuliko bunduki: wamekwenda. Wamekimbia wote, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu mlimani. Alijaribu kusema na Wivine, na mara ya kwanza tangu aanze, Wivine hakuwa na sikio. Alikuwa peke yake kabisa.

Jua lilikuwa limepita utosini alipoingia barabarani. Watu walikuwa wamepumzika penye mianzi. Mama Céline alikuwa mwisho wa msururu, nyuma ya wote, amesimama, anatazama milimani. Alipomwona akatua mzigo wake chini.

"Watoto wa Shefu banakutafuta kwenye njia ya kijito," alisema. "Tulitaka kukungoja pale pale, risasi zikatufukuza. Nilifunga. Kufuli zote tatu." Akampa funguo.

Papa Apollinaire alizipokea bila kuzitazama.

Mama Céline akafungua mzigo wake. Mtu anayekimbia vita habebi vitu vingi. Alikuwa na godoro, sufuria moja, kamfuko ka mbegu ya maharagi. Na chini ya mbegu alitoa kopo la maziwa ya unga. Halikuwa na maziwa.

"Vidonge vyako," alisema. "Ya mangaribi utakula tukifika."

"Ulijua?"

"Kalembe yote inajua, Papa. Mutu anaenda kwa muganga Verdiane, anatembea kila siku, anakonda, anaficha kopo. Tungefikiri nini?"

"Na hamukusema."

"Haukutuambia. Mugonjwa mwenye kuficha, bantu banamuachia heshima yake."

Halafu akauliza lile jambo jingine, akitazama raba zake. "Na kwenye butiki, Shefu njo alikutuma?"

"Hakuna mwenye alinituma. Kile kiti cha Wivine kilikuwa kinaniumiza roho, kitupu vile. Yeye njo alikuwa ananikaribisha pale. Nilikuwa nakuja kukaa, unaniambia aksanti, naona hautaki mutu. Naenda."

Kijana mmoja alitumwa kuwaita watoto wa Shefu, na msururu ukaanza kuinuka. Papa Apollinaire alichukua godoro la Mama Céline, akaliweka kichwani pake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, tajiri wa Kalembe na mzigo kichwani. Wakatembea. Barabara ilipanda. Mama Céline alimwangalia kwa jicho la pembeni, kifua chake, shingo yake.

"Sema," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Yale ulikuwa unamuambia Wivine kule mulimani. Pale mwanzo, kila asubui nilikuwa nakusikia kutoka shambani, unataja jina yake. Ukiweza kusema, uko muzima. Sema, nisikie."

Alifungua mdomo. Maneno yalitoka kwa Kinande, maana ndiyo njia yaliyoizoea: kwamba Aimée anatarajia mtoto, kwamba mlango ulikuwa umefungwa, kwamba aliogopa sana. Akatambua kosa lake, akanyamaza.

"Hausikie Kinande," alisema.

"Sisikie hata neno moja," alisema Mama Céline. "Endelea."